Mwaka wa Kwanza kwenye Hifadhi ya Nyaraka: Mwongozo Kamili kwa Mhitimu Anayeanza Kazi katika Taasisi ya Utafiti, Uganda

Boksi la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa katoni ya sabuni. Lilifungwa kwa kamba ya katani, na ubavuni mtu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: "Mahojiano. Usitupe." Ndani mlikuwa na daftari kumi na moja, bahasha tatu za picha, na fungu la barua za kopi ya kaboni kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Hakuna aliyejua nani aliandika pale ubavuni. Lakini neno lile la mwisho ndilo lililoiokoa katoni isichomwe na takataka kwa miaka yote iliyokaa chini ya ngazi.

Tangu siku ile sijaondoka kwenye kazi hii. Kila mwaka hupokea vijana wenye shahada mpya, wanaokuja kwa mwaka mmoja wa mafunzo kazini kama wahitimu wanagenzi. Wana bidii, na wengi wao wanajua kompyuta kunishinda. Karibu wote wanafika na hamu ileile: wapewe skana siku ya kwanza. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao na kwa ajili yako unayefikiria kuomba nafasi kama hiyo. Jambo moja nitalirudia mpaka mwisho, maana ndilo kazi yenyewe: waraka hupata maana kutokana na jirani zake. Nani aliutengeneza, uliandamana na upi, ulijibu barua ipi. Ukiuvunja ujirani huo, hakuna skana itakayoujenga tena.

Jua kwanza unaingia wapi

Watu huchanganya maktaba, masijala na hifadhi ya nyaraka. Maktaba hutunza vitabu, na kitabu kikipotea Kampala huenda nakala yake ikapatikana Nairobi. Masijala hutunza majalada yanayofanya kazi leo: barua iliyoingia asubuhi, jalada linalopelekwa kwa mkurugenzi jioni. Hifadhi ya nyaraka hupokea yaliyokwisha kazi ofisini ila bado yana ushahidi ndani yake, na mara nyingi nakala ni hiyo moja tu duniani.

Taasisi za utafiti zina utajiri wa namna yake. Chukua MISR, Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere. Ilianzishwa mwaka 1948 ikiwa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki nzima, na watafiti wake walikwenda kukaa vijijini, wakahesabu kaya, wakachora ramani za mashamba, wakaandika mahojiano kwa mkono. Kitabu kilichochapishwa ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Daftari za shambani, fomu za kaya, barua kati ya mtafiti na mkuu wa wilaya, ripoti zilizopigwa kwa stensili: hayo ndiyo hubaki kwenye makabati ya taasisi, na hayo ndiyo utakayoyakuta.

Ujue pia majirani wa taasisi yako, kwa kuwa watafiti watakuuliza. Hifadhi ya Taifa ilikaa miaka mingi Entebbe, mji uliokuwa makao ya serikali ya kikoloni, na sasa iko Wandegeya, Kampala, chini ya Wizara ya Utumishi wa Umma. Sheria inayoiongoza ni Sheria ya Taifa ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2001. Chama cha Uganda Society, kilichoanza kuchapisha jarida lake mwaka 1934, kina maktaba ndani ya Jumba la Makumbusho, Kampala. Nyaraka za wilaya ya Kabarole zimetunzwa Fort Portal, katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon. Makerere penyewe kuna shule ya ukutubi na sayansi ya habari iliyoanza mwaka 1963, na leo inafundisha shahada ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka. Watembelee wote ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Nenda na daftari, jitambulishe, omba kuonyeshwa namna wanavyoandika orodha zao.

Na kama kuna mtu nyumbani anayekuuliza kazi hii ina faida gani, mkumbushe usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto ulipoteketeza jengo kuu la Makerere na kumbukumbu zilizokuwa ndani. Waliokuwa wanahitaji karatasi zao walijua kulipokucha.

Kuomba nafasi

Nafasi hizi hutangazwa kwenye tovuti za vyuo, kwenye magazeti kama New Vision na Daily Monitor, na mara nyingine kwenye ubao wa matangazo wa kitivo, karatasi moja yenye pini nne. Pita ofisini mwenyewe. Taasisi nyingi ndogo hupata fedha za mradi kwa ghafla na kutafuta mtu kwa haraka.

Shahada ya ukutubi au ya nyaraka inasaidia, lakini nimewaona waliosoma historia, lugha na sosholojia wakifanya kazi nzuri kuliko wengi. Andaa vyeti vyako vyote, vya chuo na vya sekondari, pamoja na orodha ya matokeo, kitambulisho cha taifa, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wenu, ikihitajika. Toa nakala za kutosha na uzihifadhi kwenye bahasha isiyopenya maji. Mtu anayeomba kutunza karatasi za wengine akileta za kwake zimekunjwa na zimeloa, wanaomsaili huona.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja. Wengi hujaza barua kwa sifa: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Sifa hizo haziniambii kitu. Niambie jambo moja ulilolipanga kwa mikono yako. Kijana mmoja aliandika kwamba alisaidia SACCO ya mama yake kule Arua kupanga daftari za mikopo za miaka sita, akaeleza kwa mistari minne alianzia wapi na alikwama wapi. Tulimwita kwa sababu ya mistari hiyo minne.

Kwenye usaili kuna swali ambalo halikosekani kwa sura moja au nyingine: "Umepewa boksi lisilo na orodha. Utafanya nini?" Waombaji wengi hujibu kwamba watapanga kwa tarehe au kwa alfabeti. Jibu ambalo sisi tunalisubiri ni kwamba hutahamisha kitu. Utalitazama, utaliandika lilivyo, utauliza lilitoka ofisi gani, kisha ndipo utaamua.

Ukipata nafasi, soma mkataba kabla ya kusaini. Tafuta mambo haya: posho ni kiasi gani na hulipwa tarehe ngapi, nani msimamizi wako kwa jina, je, utakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ambapo mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10, je, kuna siku za kwenda mafunzo, na mwisho wa mwaka utapewa barua inayoeleza kazi ulizofanya au cheti tupu tu. Hilo la mwisho lidai mapema, kwa adabu lakini bila haya. Barua yenye maelezo ndiyo itakayokutafutia kazi nyingine.

Wiki mbili za kwanza: tembea, tazama, pima

Usifungue kitu. Zunguka chumba na daftari na penseli. Kalamu ya wino iache nje, sasa na siku zote, maana wino ukidondoka kwenye waraka umebaki hapo milele. Hesabu rafu, pima urefu wa kila rafu iliyojaa kwa futi ya utepe, na uandike jumla kwa mita. Hiyo ndiyo lugha ya kazi hii: tunasema hifadhi ina mita arobaini za nyaraka, hatusemi ina mafaili mengi. Chora ramani ya chumba, upe kila kabati namba.

Kisha tafuta maadui. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na wakati huo unyevu hupanda kiasi kwamba karatasi huwa laini kama kitambaa. Kuvu hupenda unyevu unaozidi asilimia 65. Kipimaunyevu kidogo si ghali. Omba kinunuliwe, na usome namba zake kila asubuhi na kila jioni. Angalia dari kama kuna alama za kahawia za maji. Angalia kuta kwa njia za udongo za mchwa, hasa pale rafu ya mbao inapogusa ukuta. Rafu zote zitenganishwe na ukuta kwa upana wa kiganja, na boksi la chini kabisa lisikae sakafuni. Liinue hata kwa tofali mbili na ubao.

Pazia ni dawa rahisi kuliko zote. Jua la saa tisa likipiga rafu moja kila siku, baada ya miaka michache migongo ya majalada huwa imepauka na maandishi yameyeyuka. Funga pazia leo, hata kama ni shuka la zamani.

Boksi la kwanza

Hapa ndipo ningependa usome polepole.

Weka boksi mezani. Meza iwe safi, kavu, bila chai. Piga picha ya boksi kabla ya kulifungua, pande zote, hasa palipoandikwa chochote. Lifungue, upige picha nyingine kutoka juu, kila kitu kikiwa mahali pake. Chukua karatasi, andika tarehe, namba ya boksi, umelikuta wapi, limefungwa na nini, lina harufu gani. Ndiyo, harufu. Harufu ya siki kwenye filamu za zamani ina maana filamu zimeanza kuoza na zinahitaji kutengwa upesi. Harufu ya udongo mbichi ina maana kuna kuvu, na hapo unasimama, unavaa barakoa na glavu, na boksi hilo unalitenga na mengine kabla ya kugusa karatasi hata moja.

Sasa toa kitu kimoja kimoja kwa mpangilio uliopo, ukiviweka mezani kuanzia kushoto kwenda kulia. Usiinue cha tatu kabla hujaandika cha pili. Kama kimoja kimeingizwa ndani ya kingine, andika hivyo na ukirudishe humohumo.

Nieleze kosa langu mwenyewe, ili lisiwe lako. Nilipopewa ile katoni ya sabuni nilikaa siku mbili nikizipanga barua zote kwa tarehe, kuanzia ya kale hadi ya karibuni. Nilijivuna sana. Daftari nazo nikazipanga kwa tarehe zilizoandikwa ukurasa wa kwanza. Msimamizi wangu, Madamu tuliyemheshimu kama mzazi, alikuja akatazama, akanisifu kwa usafi wa meza. Kisha akachukua barua moja akaniuliza, "Mwanangu, hii ilikuwa ndani ya daftari gani?" Sikuwa na jibu. Mtafiti yule alikuwa amepanga daftari zake kwa kijiji, na ndani ya kila daftari aliweka barua za kijiji hicho: majibu ya chifu, ruhusa, malalamiko ya mwenye shamba. Barua nyingi hazikutaja kijiji, kwa sababu hazikuhitaji. Mahali zilipokaa palikuwa pameshataja. Mpaka leo kuna barua saba katika mkusanyo ule ambazo hatujui ni za kijiji gani. Nimeandika mwenyewe kwenye orodha kwamba mpangilio wake ulivurugwa wakati wa kazi. Kila mtafiti anayefika anausoma mstari huo.

Kanuni mbili za taaluma yetu zinatoka hapo hapo. Ya kwanza ni asili: nyaraka za mtu mmoja au ofisi moja zisichanganywe na za mwingine, hata kama zinazungumzia jambo moja. Ya pili ni mpangilio wa awali: ule alioutumia mwenye nyaraka uendelee kuwapo, hata kama kwako hauna mantiki. Unaupanga upya pale tu unapokuwa na uhakika kwamba mpangilio wake umeshapotea, na hapo unaandika kwamba umefanya hivyo.

Ukikutana na majalada ya kiserikali ya zamani, jifunze kuyasoma kama alivyoyasoma karani wa masijala. Kila karatasi ina namba kwenye kona ya juu kulia, mara nyingi kwa wino mwekundu. Namba zikiruka kutoka 14 hadi 17, kuna karatasi mbili zimetoka, na hilo liandikwe. Mbele au nyuma kuna karatasi ya maoni ambapo maofisa walijibizana kwa mkono, kila mmoja na sahihi fupi. Utaona herufi P.A., amri ya kulirudisha jalada kabatini. B.U. na tarehe ni agizo la kumletea ofisa jalada siku hiyo. K.I.V. ni la kukumbukwa, halijaisha. Mara nyingi maamuzi yenyewe yako kwenye karatasi hiyo ya maoni, wakati barua rasmi inaonyesha matokeo tu. Nimeona watu wakizitoa karatasi za maoni kwa kuwa "zimechafuka". Usithubutu.

Kusafisha na kufunga upya

Vumbi huondolewa kwa brashi laini, pana, ukipiga kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa cha maji hakigusi karatasi. Pini, klipu na stepla zilizoota kutu zitoe pole pole: inua miguu ya stepla kwa kisu butu upande wa nyuma, usivute kwa mbele, maana karatasi itachanika pale kutu ilipoitafuna. Karatasi zilizokuwa zimeshikwa pamoja zibaki pamoja kwa kuzikunjia karatasi safi kama koti. Selotepu ni marufuku kabisa; gundi yake huwa njano, hupenya, na haitoki.

Kwa bahasha na maboksi, karatasi isiyo na asidi ndiyo bora, lakini huagizwa nje na bei yake inauma. Bajeti ikiwa ndogo, itumie kwa vitu vya thamani kubwa na picha, na vingine viweke kwenye maboksi magumu mapya, makavu, huku kila jalada likiwa limekunjiwa karatasi nyeupe nzuri.

Tahadhari moja ya vipimo, kwa kuwa imeharibu mengi: karatasi za ofisi za enzi ya mkoloni zilikuwa fulskepu, zenye urefu wa takriban sentimita 33. A4 ya leo ina sentimita 29.7. Ukinunua maboksi ya A4, ukingo wa chini wa kila waraka utakunjika, na pale kunjo linapokaa ndipo sahihi huwa. Pima kwanza, nunua baadaye.

Wadudu wakionekana ndani ya karatasi, usipulize dawa ya dukani. Funga boksi kwenye mfuko wa plastiki mzito, toa hewa, na liweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, liache likiwa limefungwa hadi lirudi kwenye joto la chumba, ndipo ulifungue. Picha za vioo na filamu usizitie kwenye friza bila kumuuliza mtaalamu.

Kuandika orodha

Orodha ndiyo mlango. Hifadhi yenye mita mia bila orodha, mtafiti hawezi kuingia ndani yake.

Katika nchi nyingi tunafuata kanuni ya ISAD(G), iliyotolewa na Baraza la Kimataifa la Nyaraka, na msingi wake ni kushuka kwa ngazi: mkusanyo mzima, kisha mfululizo, kisha jalada, kisha waraka mmoja. Anza juu. Andika nusu ukurasa juu ya mkusanyo: nani aliutengeneza, kwa kazi gani, miaka ipi, mita ngapi, lugha zipi, ulifikaje hapa, nini kimekosekana. Halafu mifululizo. Halafu majalada, kila moja mstari mmoja au miwili. Kushuka mpaka waraka mmoja mmoja ni anasa; fanya hivyo kwa vichache. Wanagenzi wengi huanza chini, wakaorodhesha barua kwa barua, na mwaka ukaisha wamemaliza maboksi mawili kati ya themanini.

Mfano wa mstari mzuri wa jalada: "Kaya za vijiji vitatu, fomu zilizojazwa kwa mkono, Kigezi, 1955–1956, kurasa 212, Kiingereza na Rukiga, kurasa 40–43 hazipo." Mfano wa mstari mbaya: "Mambo mengineyo."

Majina ya mahali yatakusumbua, nayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Jalada linasema Kigezi, wilaya ya zamani, lakini kijana anayetafuta historia ya kwao leo ataandika Kabale, Kisoro, Rukungiri au Kanungu. Ziwa Edward kwa miaka kadhaa ya utawala wa Amin liliitwa Ziwa Idi Amin Dada. Utakuta Toro na Tooro, Ankole na Nkore. Maandishi ya Kiganda yaliwekewa utaratibu wa pamoja mwaka 1947, kwa hiyo barua za kabla ya hapo huandika jina lilelile kwa sura tatu. Kanuni yangu: nakili jina lilivyo kwenye waraka, kisha ongeza jina la leo pembeni. Tunza daftari moja la majina, ukurasa kwa kila mahali, sura zote chini yake. Daftari hilo litakuwa mali ya hifadhi hata baada yako.

Lugha nazo. Wewe unayesoma Kiswahili una faida ambayo pengine hujaihesabu. Jeshi la mkoloni lilitumia Kiswahili, polisi nao, na barua za askari kwa maofisa na za familia zao mara nyingi ziko katika lugha hii. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamishia makao yake Makerere mwaka 1952 ikakaa pale kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa. Nimekuta majalada ambayo yameorodheshwa "lugha ya kienyeji, haijasomwa" na ndani yake ni Kiswahili fasaha cha mtu aliyezaliwa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, anaomba malipo ya uzeeni ya baba yake. Karatasi hiyo ilikuwa imekaa miaka mingi haisomwi katika nchi yenye wasomaji wake kila kona. Hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pia zipo. Kama huwezi kuzisoma, tafuta mzee anayeziweza, umlipie nauli, na umpe heshima ya kuandika jina lake kwenye orodha akikubali.

Skana, kwa wakati wake

Sasa tuje kwenye skana. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la taifa, iligunduliwa kabati yenye maelfu ya negativu za picha, takriban 70,000, nyingi za enzi ya Amin. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho, Kampala. Watu walishangazwa na picha. Mimi nilishangazwa na bahasha: kila moja ilikuwa imeandikwa tarehe na tukio. Ni karani wa miaka ya sabini, aliyeandika bahasha bila kuchoka, ndiye aliyeziwezesha picha zile kuzungumza. Zikiwa bila bahasha zingekuwa nyuso tu.

Kwa hiyo skani kilichokwisha orodheshwa. Kwa maandishi, nukta 300 kwa inchi zinatosha, na 400 kwa maandishi hafifu ya kaboni. Nakala ya kudumu iwe TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, ya kusomea iwe JPEG au PDF. Piga hesabu ya nafasi kabla ya kuahidi: ukurasa mmoja wa fulskepu wa rangi kwa nukta 300 ni takriban megabaiti 28, hivyo boksi la kurasa 800 ni gigabaiti 22 na ushee. Maboksi themanini ni karibu terabaiti mbili, na hiyo ni nakala moja. Unahitaji tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Umeme hukatika, basi kompyuta iwe na betri ya dharura, la sivyo utapoteza kazi ya asubuhi nzima na pengine diski yenyewe.

Jina la faili lifuate namba ya jalada na ukurasa: mkusanyo, mfululizo, jalada, ukurasa, bila nafasi, bila herufi za ajabu. "Skani mpya ya mwisho 2" haitaeleweka na mtu yeyote wiki ijayo, wewe ukiwamo. Skana ya kulisha karatasi yenyewe usiitumie kwa waraka wa zamani, itautafuna. Kamera kwenye stendi na taa mbili ni salama zaidi na ni rahisi kuinunua. Orodha ikiwa tayari, programu ya AtoM, ya kuweka orodha mtandaoni, hutumika bure na inafuata ISAD(G). Chuo chako kikiwa na DSpace, programu ya kuhifadhi machapisho ya chuo mtandaoni, ongea na watu wa maktaba kuhusu namna ya kuunganisha.

Siri za watu walio ndani ya karatasi

Fomu za kaya zina majina ya wagonjwa, habari za madeni, habari za ndoa zilizovunjika. Wengine bado wako hai, au watoto wao wanapita mlangoni kwako. Tangu 2019 Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na tangu 2005 ina Sheria ya Haki ya Kupata Habari. Zote mbili zinakuhusu, nazo huvutana. Usiamue peke yako. Ukikuta jalada la namna hiyo, liwekee alama, andika sababu, mpelekee msimamizi. Na usipige picha kwa simu yako kumtumia rafiki, hata kama ni jambo la kuchekesha. Aliyehojiwa mwaka 1954 alimwamini mtafiti, na wewe umerithi imani hiyo.

Mtafiti anapofika, mwombe kitambulisho, barua ya chuo chake na kibali cha utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kama kinahitajika. Ajaze fomu. Mpe jalada moja kwa wakati mmoja, hesabu kurasa mbele yake akipokea na akirudisha. Fanya hivyo kwa profesa kama unavyofanya kwa mwanafunzi. Profesa mwenye busara hatakasirika. Mzee wa kijijini akija kutafuta karatasi za ardhi ya babu yake, mpe kiti, msomee kwa lugha yake, na umwandikie namba ya jalada kwenye kipande cha karatasi ili siku nyingine asianze upya.

Miezi miwili ya mwisho

Acha kufungua maboksi mapya. Maliza yaliyo mezani. Andika waraka wa makabidhiano wa kurasa tano au sita: nini kimekamilika, nini kimeanza, nini kimeshindikana na kwa nini, funguo ziko wapi, nywila zimehifadhiwa kwa nani, kabati gani lina mchwa, daftari la majina liko rafu ipi. Weka nakala moja iliyochapishwa ndani ya boksi la kwanza kabisa la hifadhi, juu, mahali ambapo anayefuata hawezi kuikosa. Umwombe msimamizi akae nawe saa mbili mkiupitia pamoja, mkitembea kabati kwa kabati.

Ile katoni ya sabuni bado tunayo. Haina kitu ndani, daftari na barua ziko kwenye maboksi yao, lakini ubavu wenye maandishi nimeukata nikauweka kwenye jalada la kwanza la mkusanyo, ukiwa na namba yake kama waraka mwingine wowote. Ukija kututembelea, omba uonyeshwe.